Mivujo ya maji mjini Tabora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuitafuta na kuipima

Maswali haya yanatoka kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wateja wa maji wa mitaa ya Tabora, kuanzia Isevya na Ng'ambo hadi Ipuli na Cheyo, wanaoona maji yakitiririka barabarani siku ambayo bomba lao halitoi hata tone. Wa pili ni mafundi vijana wanaoanza kazi ya kufuatilia mivujo, ambao wamekabidhiwa sururu kabla ya kukabidhiwa dira ya kupimia maji. Nimeyajibu kama ninavyowajibu ana kwa ana, na palipo na hesabu nimeiweka wazi ili kila mtu aweze kuirudia mwenyewe.

"Upotevu wa maji" maana yake ni maji yaliyovuja?

Hiyo ni sehemu yake tu. Upotevu ni tofauti kati ya maji yaliyoingizwa kwenye mtandao na maji yaliyofika kwenye ankara za wateja. Mwaka 2000 Jumuiya ya Kimataifa ya Maji, IWA, ilichapisha jedwali la mizania ya maji ambalo sasa linatumika karibu kila nchi, na linaugawa upotevu huo katika mafungu matatu. La kwanza ni upotevu halisi: maji yaliyotoka kabisa kwenye bomba kupitia mivujo, mipasuko na matanki yanayofurika. La pili ni upotevu wa kwenye hesabu: maji yamemfikia mtu na ameyatumia, lakini dira imesoma pungufu, au ameunganisha kwa siri, au msomaji wa dira amekosea kuandika. La tatu ni matumizi halali yasiyotozwa, kama maji ya zimamoto na ya kuoshea mabomba yenyewe.

Kuyatenganisha mafungu haya ni lazima kwa sababu tiba zake ni tofauti. Mvujo hauzibwi kwa kubadilisha dira, na dira iliyochoka haiponi kwa kuchimba mtaro. Nimeona miezi ya kazi ikiteketea kwa kutafuta chini ya ardhi maji ambayo yalikuwa yanapita salama kwenye dira zilizochakaa.

Kwa nini Tabora ihangaikie jambo hili kuliko mji mwingine?

Fuata safari ya maji yenyewe. Kwa miaka mingi mji ulitegemea mabwawa, hasa Igombe, na kiangazi kikirefuka kila mtu alijua bwawa limefika wapi. Kisha yakaja maji ya Ziwa Victoria. Yanachotwa na kusafishwa Ihelele, wilayani Misungwi mkoani Mwanza, yanasukumwa kuja mkoa wa Shinyanga, yanachepushwa Solwa na kushuka kupitia Nzega mpaka huku. Lita inayofika Gongoni imetembea mamia ya kilomita. Imelipiwa umeme wa pampu, dawa ya kutibu na mishahara ya watu wanaokesha vituoni. Ikimwagika mita kumi kabla ya ndoo ya mteja, vyote hivyo vimemwagika nayo.

Kuna sababu ya pili isiyosemwa sana. Mji unapoongezewa maji na presha ikapanda, mabomba ya zamani yaliyokuwa yamelala nusu tupu huanza kufanya kazi ambayo hayajaifanya kwa miaka. Viungo dhaifu vinajitokeza. Kwa hiyo maji mengi yakiletwa bila kupima upotevu, sehemu ya maji hayo mapya inakwenda moja kwa moja udongoni.

EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, wanataja asilimia 20. Hiyo asilimia inatuambia nini?

Ni kiwango cha upotevu ambacho mdhibiti huyo anakichukulia kuwa kinakubalika kwa mamlaka za maji. Kama lengo la kitaifa, lina faida: watu wote wanakielewa, mpaka diwani kwenye kikao. Ila kama kipimo cha uvujaji kina udhaifu mkubwa, na fundi aujue mapema.

Chukua kanda inayopoteza uniti 300 kwa siku, uniti moja ikiwa lita 1,000. Ikiingiziwa uniti 1,000, upotevu ni asilimia 30. Sasa kijengwe kiwanda katika kanda hiyohiyo kinachotumia uniti 500 kwa siku na kulipia zote. Maji yanayoingia yanakuwa 1,500, upotevu bado ni 300, na asilimia imeshuka hadi 20. Kwenye ripoti tumefaulu, ilhali hakuna aliyeshika hata spana. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii wanapendelea kuhesabu lita kwa unganisho moja kwa siku, wakitaja na presha iliyokuwepo. Namba hiyo haibadiliki kwa sababu mteja mkubwa kahamia mtaani.

Mvujo mdogo una madhara gani? Si bora kushughulikia mipasuko mikubwa kwanza?

Swali hili naulizwa kila wiki, na nalijibu kwa hesabu mbili.

Tundu la milimita 3, ambalo njiti ya kiberiti inapita, kwenye bomba lenye presha ya mita 30 (yaani inayoweza kuyapandisha maji mita 30 kwenda juu), linatoa takribani lita 8,900 kwa siku. Hizo ni kama ndoo 445 za lita 20. Jaribu kufikiria kina mama 445 wamepanga foleni, kila mmoja anajaza ndoo na kuimwaga mchangani, na kesho wanarudi.

Hesabu ya pili inahusu muda. Bomba kubwa likipasuka na kumwaga uniti 50 kwa saa, mtaa mzima unapiga simu, barabara inageuka mto, na baada ya saa 12 limezibwa. Limepoteza uniti 600. Mvujo wa uniti moja tu kwa saa, uliojificha chini ya udongo wa kichanga kwa siku 180, umepoteza uniti 4,320. Huo haukupigiwa simu na mtu yeyote. Kila mvujo una vipindi vitatu: kujua kwamba upo, kujua ulipo, na kuuziba. Tunajisifia kasi ya kuziba, wakati maji mengi yanapotea katika kipindi cha kwanza, ambapo hatujui hata kama kuna kitu kinavuja.

Udongo wetu nao unachangia. Kwenye miinuko yenye kichanga, maji yanayovuja yanazama chini bila kuacha alama. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa bondeni, ni kinyume chake: maji hayazami, yanatambaa pembeni na kuchomoza mbali na tundu. Tena mbuga hupasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba mvua za Novemba zinapoanza, na msogeo huo unavuta viungo vya mabomba hadi viachie.

Nitajuaje kama mvujo uko ndani ya nyumba yangu?

Funga koki zote, pamoja na inayojaza simtanki, kisha tazama uso wa dira. Kuna kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota au pembetatu. Kikisogea hata polepole, kuna maji yanayopita. Kwa uhakika zaidi andika namba zote, hasa tarakimu nyekundu, saa nne usiku watu wakienda kulala, na uzisome tena saa kumi na moja alfajiri kabla mtu hajaamka kuoga.

Namba zikiwa zimesogea, funga koki iliyo mara tu baada ya dira. Kigurudumu kikisimama, mvujo uko upande wako. Kikiendelea, ama koki yenyewe imekwisha, ama tatizo liko kati yake na dira, na hapo waite mafundi wa mamlaka.

Choo cha kuvuta ndicho mshtakiwa wa kwanza. Mimina juisi ya choya kwenye tanki la choo, subiri nusu saa bila kuvuta, na uangalie bakuli. Rangi ikionekana, mpira wa chini umechakaa. Mama mmoja wa Kanyenye alinisimamisha akidai kijana anayesoma dira anamwonea. Nikamwambia, "Mama, kabla ya kwenda kulalamika, tukakipime choo kwanza." Bakuli lilikuwa jekundu kabla hatujamaliza chai.

Maji yametokea mbele ya nyumba yangu. Ni bomba au chemchemi?

Anza na kipimo kisicho na gharama: mgao. Eneo likikatiwa maji na dimbwi likapungua au kukauka, kisha likarudi maji yaliporudi, ni bomba. Dimbwi lisilojali mgao, linalokuja na mvua na kupungua kuanzia Mei, huenda ni maji ya ardhini.

Fundi anaongeza vipimo viwili. Maji ya bomba yana mabaki ya klorini, na kipimo kidogo cha vidonge kinayaonyesha kwa rangi. Hata hivyo klorini inaliwa na udongo, kwa hiyo ikikosekana usikate tamaa. Kipimo cha pili ni uwezo wa maji kupitisha umeme. Maji ya Ziwa Victoria yana chumvi kidogo sana, yanasoma takribani maikrosimensi 100 kwa sentimita, na maji ya visima kwa kawaida yanasoma juu zaidi kwa sababu yamekaa na mawe. Linganisha dimbwi na bomba la jirani, kisha na kisima kilicho karibu, na jibu litajitokeza.

Kwa nini mafundi wanakuja kupima usiku wa manane?

Kwa sababu usiku mvujo unabaki peke yake. Mchana maji ya kupikia, kufulia na kuogea yanaufunika. Kati ya saa nane na saa kumi usiku watu wamelala, matumizi yameshuka, na kinachoendelea kupita kwenye dira kubwa ya kanda ni uvujaji kwa sehemu kubwa. Huo tunauita mtiririko wa chini wa usiku.

Ili kuupima lazima kwanza uwe na kanda ya upimaji: eneo lililofungwa valvu pande zote, maji yakiingia kupitia njia moja yenye dira. Ukubwa unaofaa ni kati ya wateja 500 na 3,000. Kanda ikiwa kubwa kuliko hapo, mvujo mpya unapotea ndani ya namba; ikiwa ndogo sana, gharama ya dira na valvu inakuwa nzito.

Tufanye mfano wa kufikirika. Kanda ina maunganisho 1,200. Saa tisa usiku dira ya kanda inaonyesha uniti 9 kwa saa. Tunakadiria kila unganisho linatumia lita 2 kwa saa kihalali muda huo (mtu kaamka kwenda chooni, mama anamwandalia mtoto maziwa), jumla uniti 2.4. Tunaongeza uniti 0.6 za nyumba ya wageni na zahanati. Tisa, toa tatu: uvujaji ni uniti 6 kwa saa.

Hapa wengi wanazidisha mara 24 na kupata 144 kwa siku. Wamekosea. Usiku presha iko juu kwa sababu hakuna anayechota, na mvujo unatoka kwa nguvu kuliko mchana. Kama presha ya usiku ni mita 45 na wastani wa siku nzima ni mita 36, basi unazidisha kwa saa 19.2 badala ya 24, na jibu linakuwa karibu uniti 115 kwa siku. Tofauti ya uniti 29 imetokana na kusahau geji ya presha ofisini. Usiende kupima usiku bila geji.

Lakini usiku ndipo simtanki zetu zinajaa. Hilo haliharibu kipimo?

Linaharibu kabisa, na hapa ndipo vitabu vilivyoandikwa kwa miji yenye maji saa 24 vinatuacha njiani. Nyumba 300 zikijaza matanki usiku, kila moja lita 60 kwa saa, hizo ni uniti 18 kwa saa. Uvujaji wetu wa uniti 6 umezama humo. Fundi asiyejua ataandika uvujaji wa uniti 24 na kuomba bajeti ya kubadilisha mabomba ya mtaa mzima.

Njia ninayoiamini ni kutazama umbo la mtiririko, kwa dira inayojirekodi kila dakika 15. Matanki yanapojaa maboya yanafunga moja baada ya jingine, na mstari unashuka taratibu. Mvujo haujai. Mstari ukishuka mpaka mahali fulani na kukaa hapo ukiwa umenyooka usiku wa pili na wa tatu wa maji mfululizo, sakafu hiyo ndiyo uvujaji wako. Kwa hiyo omba wenzako wa uendeshaji wakupe siku mbili au tatu za maji bila kukata kwenye kanda hiyo. Watalalamika, maana kanda nyingine zitasubiri. Wabembeleze, bila hizo siku unapima matanki.

Ikishindikana, chagua nyumba 40 au 50 kwa sampuli, soma dira zao saa sita usiku na saa kumi, upate wastani wa matumizi halisi ya usiku, na uutoe kwenye jumla. Ni kazi ya miguu na ya tochi, na lazima mwenyekiti wa mtaa na mabalozi wajulishwe mapema ili msidhaniwe wezi.

Eneo letu lina maji saa nane tu kwa siku. Si maana yake tunapoteza kidogo?

Kwa siku, ndiyo. Kwa kila saa ambayo bomba lina maji, huenda mnapoteza kuliko wengine. Kanda inayopoteza uniti 80 kwa siku ikiwa na maji saa 8 inavuja uniti 10 kwa saa. Ikipewa maji saa 24 kwa presha ileile, itapoteza 240. Ukilinganisha kanda, siku zote gawa kwa saa zenye maji.

Mgao una hasara nyingine mbili. Kufungua valvu kwa haraka kwenye bomba tupu kunasukuma hewa na maji kwa kishindo kinachovunja viungo. Na bomba likiwa tupu, tundu lililokuwa likitoa maji linaweza kunyonya ndani maji machafu yaliyolizunguka. Mtaa wenye vyoo vya shimo karibu na mabomba, hilo ni jambo la afya kabla halijawa jambo la hesabu. Ndiyo maana maji ya dakika za mwanzo baada ya mgao mrefu yasinywewe bila kuchemshwa.

Kupunguza presha kunapunguza mvujo kweli, au ni kuwanyima watu maji?

Kunapunguza kweli. Kwenye bomba gumu lenye tundu la duara, mtiririko unafuata kipeuo cha pili cha presha: presha ikipungua nusu, maji yanayotoka yanabaki kama asilimia 71. Bomba la plastiki lenye ufa linapungua zaidi, kwa sababu ufa wenyewe unafumba presha inaposhuka. Kwa mtandao mzima wenye mchanganyiko, kanuni ya makadirio ni kwamba ukipunguza presha kwa asilimia 10, uvujaji unapungua kwa karibu asilimia 10. Mipasuko mipya inapungua pia.

Wateja wa mwinuko wasiumizwe. Pima presha kwenye nyumba iliyo juu kabisa na iliyo mbali kabisa, saa ya matumizi makubwa asubuhi, na uweke valvu ya kupunguzia presha ukiwa na namba hizo mkononi.

Mkishajua kanda inavuja, mnaipunguzaje hadi mtaa mmoja?

Kwa kufunga valvu hatua kwa hatua, usiku uleule. Mmoja anakaa kwenye dira ya kanda na simu, wengine wanafunga vipande vya mtandao kimoja kimoja kuanzia mbali. Kila kipande kinapofungwa mtiririko unashuka. Ukishuka kiasi kinacholingana na idadi ya nyumba, endelea. Ukishuka uniti 4 kwa saa kwa kufunga barabara yenye nyumba 30, umeipata barabara yako.

Kinachokwamisha kazi hii ni valvu zenyewe: zimefukiwa na greda, zimeshika kutu, au zinazunguka bila kufunga. Wiki moja kabla, pita mchana ukazikague zote. Nimewahi kukesha usiku mzima na timu kwa ajili ya valvu moja iliyokuwa inapitisha maji bila sisi kujua, na matokeo yote tukayatupa asubuhi.

Hivyo vifaa vya kusikiliza vinafanyaje kazi?

Maji yanayotoka kwa nguvu kwenye tundu yanapiga kelele, na bomba linaibeba. Kifaa cha kwanza ni kijiti cha chuma chenye kikombe cha kuwekea sikio: unagusisha kwenye valvu, kwenye koki ya mteja, kwenye bomba lililo wazi. Ni cha bei ndogo, hakina betri, na kwa sikio lililozoea bado sijaona kinachokizidi kwa kupita haraka nyumba hadi nyumba. Cha pili ni maikrofoni ya ardhini, unayoiweka juu ya mstari wa bomba kila baada ya hatua moja ukitafuta sauti inapokuwa kubwa. Kazi nzuri inafanyika usiku, bodaboda zikishalala.

Cha tatu ni korelata. Unaweka vihisio viwili pande mbili za mvujo unaoushuku, na mashine inapima sauti imechelewa kiasi gani kufika upande mmoja kuliko mwingine. Umbali kutoka kihisio cha karibu ni urefu wa bomba kati ya vihisio, ukitoa kasi ya sauti mara muda wa kuchelewa, kisha gawa kwa mbili. Tuseme urefu ni mita 120, kuchelewa sekunde 0.05, na bomba ni la chuma ambamo sauti inakwenda karibu mita 1,200 kwa sekunde. Mvujo uko mita 30. Kama bomba hilo kumbe ni PVC, ambamo sauti inakwenda karibu mita 450 kwa sekunde, jibu sahihi ni mita 49 hivi. Umechimba mita 19 kutoka mahali pake, kwenye lami ya watu, kwa sababu ramani imeandika chuma na mwaka fulani mtu alikata kipande akaunga plastiki.

Kwa hiyo mashimo mengi makavu hayaletwi na mashine. Yanaletwa na ramani.

Na kwenye mabomba ya plastiki, sauti inasikika?

Kwa shida. Kwenye chuma sauti ni kali, ya mamia ya hezi (mitetemo kwa sekunde) hadi elfu na zaidi, na inasafiri mbali, pengine mita mia na zaidi. Kwenye plastiki inabaki ngurumo ya chini, isiyofika hezi 200 mara nyingi, na inafifia ndani ya makumi ya mita. Mtandao wetu mpya mwingi ni plastiki nyeusi, hivyo vihisio visogezwe karibu, na pakiwezekana vitumike haidrofoni, zinazogusa maji yenyewe badala ya ukuta wa bomba.

Pale sauti inaposhindwa kabisa kuna gesi. Mchanganyiko wa haidrojeni asilimia 5 na naitrojeni asilimia 95, usiowaka, unaingizwa kwenye bomba. Haidrojeni ni nyepesi, inapenya kwenye tundu na kupanda juu, na kifaa cha kunusa kinaikamata usoni mwa ardhi.

Je, tanki kubwa la mtaa linaweza kuvuja bila kuonekana?

Ndiyo, na kipimo chake ni rahisi kuliko vyote. Usiku funga maji yanayoingia na yanayotoka, pima kina, subiri kwa muda wa saa nne, pima tena. Tanki la duara lenye kipenyo cha mita 10 likishuka sentimita 2, limepoteza karibu uniti 1.6. Hakikisha kwanza valvu ya kutolea inafunga kweli. Angalia pia bomba la kufurikia: boya bovu linaweza kumwaga maji kila usiku saa ambayo mlinzi yuko upande wa pili.

Dira inaweza kusoma pungufu bila mtu kuichezea?

Inaweza. Dira ya kawaida ya nyumbani ya milimita 15, daraja B, inaahidi usahihi kuanzia lita 30 kwa saa. Chini ya hapo inasoma ovyo, na ikishuka sana haisogei kabisa. Boya la simtanki lililochoka linaweza kupitisha lita 10 kwa saa, yaani lita 240 kwa siku, bila dira kuona. Zidisha kwa nyumba elfu moja.

Dira kubwa ya kanda ndiyo inayopaswa kuogopwa zaidi, maana kosa lake linaingia kwenye kila hesabu. Iwekwe kwenye bomba lililonyooka. Kanuni ya kawaida kwa dira za kuzunguka ni urefu wa mara kumi ya kipenyo kabla ya dira, bila kona wala valvu.

Upotevu unaweza kufika sifuri?

Hauwezi. Kuna kiwango ambacho hata mtandao mzuri hauwezi kukishuka. IWA inakikadiria hivi: chukua kilomita za bomba kuu mara 18, ongeza maunganisho mara 0.8, zidisha kwa presha ya wastani kwa mita, upate lita kwa siku (kuna nyongeza pale ambapo dira iko mbali na mpaka wa kiwanja). Kanda kubwa yenye kilomita 80, maunganisho 6,000 na presha ya mita 40 inapata uniti 250 hivi kwa siku. Gawa uvujaji wenu halisi kwa namba hiyo. Mkipata 2 mnafanya vizuri sana. Mkipata 10 kazi bado ni nyingi na kila shilingi mtakayoitumia italipa.

Nikiripoti mvujo niseme nini?

Mtaa, na alama ambayo haihami: nguzo ya umeme, msikiti, mwembe mkubwa. Lini uliona mara ya kwanza. Kama maji yanakauka wakati wa mgao. Kama ni masafi au yana tope, kwa sababu tope ni dalili kwamba udongo chini ya barabara unaliwa. Omba namba ya taarifa na uitunze.

Mvujo ukishazibwa, kazi imeisha?

Kabla ya kufukia, washa maji, sikiliza tena kwa kijiti pande zote mbili. Mvujo mkubwa unapozibwa presha inapanda, na mdogo uliokuwa jirani yake unapata sauti. Usiku unaofuata rudi kwenye dira ya kanda. Kama ilikuwa uniti 9 na sasa ni 6, andika tarehe na namba zote mbili. Kama bado ni 9, mmeziba kitu kingine.

Andika pia kina cha bomba, aina yake, kipenyo na chanzo cha tatizo, na urekebishe ramani siku hiyohiyo. Kipande kilichokatwa kisitupwe. Kifunge karatasi yenye mtaa na tarehe, kikae rafu ya ofisini, ili kijana atakayebeba korelata mwakani ajue barabara ile ni chuma au plastiki kabla hajachimba.